Shanga Ndani ya Bitana

Al Rayyan, Qatar
Jumamosi asubuhi

Kwa Baba yangu, Mzee Reuben,

Baba, pokea salamu nyingi za binti yako wa maneno mengi. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Huo mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Kaka Henry aliniambia umekubali kuweka mto kitini, nikacheka peke yangu, maana mto huo tulikuomba tangu tukiwa watoto ukatuambia mito ni ya wagonjwa. Yule ng'ombe mweusi amezaa? Na mvua imefika kwa wakati, au imewachezea tena kama mwaka jana? Huku joto limepungua. Sasa mtu anaweza kutembea mpaka kituo cha basi akafika bado ana sura ya binadamu.

Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Baba, simu ya nyumbani naijua. Ikilia tu inawekwa sauti kubwa, inakaa katikati ya meza, na kila aliye sebuleni ananisalimia, hata aliyekuja kuazima jembe. Ni desturi nzuri na siku nyingi imenifuta machozi. Lakini nililo nalo leo si la kuwekwa mezani. Barua hii nimempa Eugene, yule wa Chavakali anayeendesha gari la kampuni huku, ambaye anakuja likizo. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimpe Henry wala mtu mwingine. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Henry ameniandikia kwamba akina mama wa kanisa wamemvua Mama kitambaa cha chama chao. Kwamba ameambiwa akae viti vya nyuma, asiongoze maombi, wala asipike chai ya mikutano, mpaka atubu kwa sababu ya hirizi aliyomshonea binti yake aliyeko Uarabuni. Na kwamba wewe ulikuwa kwenye kikao hicho, ukiwa mzee wa kanisa, na hukusema neno. Nilisoma ujumbe huo nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo changu. Baba, ni mdomo wangu uliomfikisha Mama huko, na ndiyo maana sina amani. Nataka jina lake lirudi. Kwa hiyo nivumilie nieleze jambo lote tangu mwanzo, kwa maana nyumbani mlisikia kipande tu, tena kipande kibaya, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa nilichokuwa nikisema.

Unakumbuka nilikuwa nalinda lile duka la manukato kule The Pearl, ambako kazi yangu ilikuwa kusimama wima na kunukia. Baadaye kampuni yetu ikanihamishia kwenye jumba la maonyesho hapa Doha. Vitu vilivyoletwa ni vya Misri ya kale, vilivyochimbwa makaburini na wataalamu. Mimi nilidhani nitalinda dhahabu ya Farao. Nikajiona nimepandishwa cheo. Siku ya kwanza naingia, nakuta ni shanga. Shanga, Baba! Kabati baada ya kabati la kioo, shanga za buluu, za kijani, nyekundu, nyingine ndogo kama mbegu za wimbi, na katikati yake hirizi: jicho, chura, lile dudu linalosukuma mavi ya ng'ombe, na kiboko jike aliyesimama kwa miguu miwili na tumbo kubwa, ambaye eti alikuwa akiwalinda wanawake wajawazito. Watu wanalipa kuingia kuangalia hayo.

Carolyne, ninayeishi naye chumba kimoja na ndiye anayeongoza maombi yetu ya Ijumaa, alipata la kusema. Aliniambia Mungu aliwatoa watu wake Misri kwa mkono wenye nguvu, na mimi nimerudi huko kwa mshahara. Hadijah, Mganda wa Jinja ambaye kitanda chake kiko juu ya changu, alimjibu kwamba hata Yusufu alifanya kazi Misri na akalisha ukoo mzima. Basi wakabishana mpaka wali ukaungua.

Humo ndani ya maonyesho ni baridi kweli. Vitu vya kale havitaki joto, kwa hiyo mashine zinavuma mchana kutwa na sisi walinzi tunasimama tukitetemeka. Hapo ndipo nilipokumbuka koti lako. Unajua majirani walivyocheka ulipokuwa ukilishona, wakauliza kama unampeleka binti jangwani au Mlima Kenya. Hata mimi nilikuwa na aibu, nikalificha chini ya sanduku tangu nifike. Sasa nikalitoa, nikalivaa chini ya koti la kazi, likanikaa vizuri, na wenzangu wote wakaniuliza nimelinunua wapi. Nilikusifu, Baba. Niliwaambia baba yangu akikupima kwa macho tu hahitaji futi.

Baadhi ya siku nilipangwa kulinda chumba cha ndani, ambako anafanya kazi Daktari Nagwa, mama mmoja Mmisri mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Yeye ni mchimbaji wa hayo makaburi. Alinieleza, maana mimi sijui kunyamaza, kwamba uzi wa zamani huoza wote, ukikuta shanga ardhini ni shanga tupu, zimelala zilivyoanguka. Kwa hiyo wanazipiga picha kila moja mahali pake, wanazibandika zisisogee, wanazinyanyua pamoja, halafu wanazitunga kwa uzi mpya kwa kufuata jinsi zilivyolala. Pale mezani kwake kulikuwa na trei za shanga ambazo hazijatungwa, nyingine hata hazijahesabiwa. Kumbuka hilo, maana ndilo lililonichongea.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, kundi la watoto wa shule limeingia, kelele tupu, na mimi nimesimama na mgongo wangu kwenye kabati la shanga ndogo kabisa. Mtoto mmoja akaangusha chupa yake ya maji, nikainama kumwokotea. Nikasikia kitu kinachanika, halafu sauti ya shanga sakafuni, zikaruka, zikabingirika kila upande. Mimi nilijua kabati limefunguka nyuma yangu. Tulifundishwa kwamba kitu kikivunjika, mlinzi asiguse, apige redio mara moja. Nikashika redio nikatangaza kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Saudia, kwamba shanga za Misri zimemwagika, milango yote ifungwe, mtu asitoke. Kisha nikapiga magoti nikatandaza mikono watoto wasizikanyage.

Milango ikafungwa. Msimamizi wetu akaja mbio, na Daktari Nagwa nyuma yake, akiwa amevaa glavu mkono mmoja. Akaamuru mtu asisogee. Yeye na wasaidizi wake wakaweka vikaratasi kando ya kila shanga, wakazipiga picha pale pale sakafuni, wakazinyanyua kwa vibano moja moja, kama walivyozoea kaburini. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao kama askari wa ikulu, nimejaa kiburi kwamba nimeokoa mali ya Misri. Mtoto mmoja alikuwa ameficha shanga kwenye ngumi, nikamwangalia mpaka akairudisha.

Halafu wakaenda kuhesabu makabati. Hakuna kilichopungua. Kioo hakikuwa na ufa, kufuli zote nzima, kila shanga ipo kwenye uzi wake. Wakahesabu tena. Msimamizi akasema basi twende kwenye kamera. Nilikwenda naye kwa haraka, maana nilitaka sana kumwona mharibifu. Baba, nilimwona. Ni mimi nainama, na shanga zinatoka chini ya koti langu kama kuku anayetaga.

Sikuelewa. Hata nikikuandikia sasa najaribu kukumbuka nilisema nini na sikumbuki. Nadhani nilisema kwamba kamera ni mbovu. Wakanivua koti, wakakuta bitana imefumuka chini ya kwapa na ndani kuna kimfuko cha kitambaa kimepasuka. Wakaniuliza hizi shanga nimezitoa wapi. Nikasema sijui. Wakaniuliza koti ni la nani. Nikasema ni langu. Wakaniuliza kama nimewahi kulinda chumba cha Daktari. Nikasema ndiyo, mara nyingi. Kila jibu lilikuwa la kweli na kila jibu lilinisogeza karibu na jela. Msimamizi ni Mnepali mpole, hata hasira hakuwa nazo, alisema tu khalas, yaani basi, nirudi chumbani nisubiri kuitwa, na akachukua kitambulisho changu cha kazi. Koti likabaki kwa Daktari ili azichunguze zile shanga, kama ni zake au si zake.

Basi nikakaa chumbani hapa Al Rayyan, wenzangu wakienda kazini na kurudi. Niliogopa, Baba. Kuiba kitu cha kale kwenye nchi ya watu si kuiba mahindi. Nilikuwa nikisikia gari likisimama nje najua ni polisi. Na kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuwa nimeiba, na bado shanga zilikuwa zimetoka kwangu. Nilianza kufikiri labda nimeiba bila kujua. Mtu akikaa peke yake chumbani anaweza kuamini chochote.

Carolyne alisema ni roho ya Misri imenifuata, akafunga kula kwa ajili yangu, jambo ambalo namshukuru, ila alikuwa mkali sana kwa sababu ya njaa. Hadijah alisikiliza maelezo yangu yote, akauliza kile kimfuko kilikuwa cha namna gani, kisha akaniambia taratibu kwamba hiyo si roho wala si wizi, ni hirizi. Kwao wanazijua. Mtu anayenipenda ameniwekea nisidhurike. Nilimkasirikia mpaka nikamgeuzia mgongo. Nilimwambia kwamba nyumbani kwetu hakuna hirizi, na kwamba baba yangu ni Mzee Reuben, aliyezichoma za mama yake mzazi mbele ya kanisa.

Na nilikuwepo, Baba, ingawa nilikuwa mdogo. Guku, huyo mama yako, alipokubali kubatizwa uzeeni ulimtaka atoe vitu vyake vyote vya zamani. Akavileta ndani ya ungo: zile shanga alizovaa shingoni tangu ujana, vibuyu, kamba, sijui nini na nini. Ukavitia moto pale uwanjani, watu wakaimba, wewe ukaongoza wimbo. Guku hakuimba. Aliushika mkono wangu, na nakumbuka mkono wake ulikuwa mkavu na haukutetemeka. Tangu siku hiyo mimi najua kwetu mambo hayo yamekwisha. Nimeyasema hayo kwa watu wengi huku, kwa majivuno.

Kwa hiyo nikatafuta nyumbani ni nani angeweza, na akili yangu ikaenda kwa Mama. Mama ndiye aliyepanga sanduku langu. Mama alimpenda sana Guku, na alilia siku ile ya moto. Nikajiambia ni yeye. Nikawa na hasira ya mtu aliyeogopa, ambayo ni hasira mbaya kuliko zote, maana inataka mtu wa karibu. Nikapiga simu. Kwa kukaa ndani nilikuwa nimesahau hata siku, sikukumbuka kuwa ni Alhamisi na akina mama wa kanisa wako kwetu. Simu ikawekwa mezani kama kawaida. Nilisikia sauti nyingi zikinisalimia na bado sikunyamaza. Nikamuuliza Mama kwa nini amenishonea uchawi ndani ya koti, anataka nifungwe?

Wewe ulikuwepo. Nilisikia cherehani yako ikilia kule barazani, halafu ikanyamaza. Mama hakukataa wala hakukubali. Aliniuliza kama nimekula. Aliniuliza kama kuna mtu amenipiga. Mimi nikakata simu. Henry anasema wale akina mama walipomgeukia, aliwajibu kwamba mtoto ndiye aliyesema, basi waulize nini tena. Kikao kikaitwa Jumapili, na mengine unayajua kuliko mimi.

Sasa nikueleze usichokijua. Daktari Nagwa aliniita wiki iliyofuata. Nilikwenda kwa metro nikiomba kila kituo. Nilimkuta mezani na zile shanga kwenye trei, na koti langu limegeuzwa ndani nje. Aliniambia nikae, akaniagizia chai, nikajua siendi jela, maana mtu anayekwenda jela haagiziwi chai. Alisema hizi si zao. Za kwao zimetengenezwa kwa unga wa mchanga uliochomwa mpaka ukatoa rangi. Hizi ni kioo, za kiwandani, zililetwa na wafanyabiashara kwetu zama za bibi zetu. Kwa mbali zinafanana, alisema, hata yeye pale sakafuni alidanganyika, na kwa trei zile ambazo hazijahesabiwa ilibidi azipitie zote kabla ya kunisafisha. Akaniomba radhi kwa kunichelewesha.

Kisha akanionyesha kitu kwa kioo cha kukuzia. Baadhi ya shanga zilikuwa zimepoteza mng'ao, nyingine nyeusi upande mmoja, na mbili zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Alisema hizi zimepita motoni. Alisema aliyezitoa hakuzinyakua, maana angeungua. Alisubiri majivu yapoe, akayachambua kwa vidole mpaka akazipata hata zile ndogo. Aliniuliza kama namfahamu mtu wa namna hiyo. Hapo nikauona tena uwanja wa kanisa na ule ungo wa Guku.

Nikasema moyoni, ni Mama basi, alirudi akazichambua. Lakini Daktari akanisogezea bitana niangalie kile kimfuko kilivyoshonwa. Mshono wa mkono, mdogo mdogo, uzi umekunjwa mara mbili na kupakwa nta ya mshumaa usikatike. Na kila mshono umelalia upande wa kushoto. Baba, Mama hushona vifungo tu, na vyenyewe vinang'oka. Mimi nimekua chini ya meza yako nikiokota vipande vya vitambaa. Hakuna fundi mwingine sokoni Majengo anayeshona kwa mkono wa kushoto na kuuburuta uzi kwenye mshumaa kabla ya kuutia sindanoni.

Ni wewe, Baba. Wewe ndiye uliyezitoa kwenye majivu na wewe ndiye uliyezishona kwenye koti langu.

Nilikaa pale nikalia, na yule mama Mmisri akadhani nalia kwa furaha ya kurudishwa kazini. Nilipomwambia ni mkono wa baba yangu, na kwamba baba yangu ni mtu wa kanisa asiyeamini mambo hayo, hakushangaa kama nilivyotaka ashangae. Alisema zile hirizi za kabatini nyingi hazikuvaliwa zionekane. Ndugu wa marehemu walizificha katikati ya matabaka ya sanda, ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeziona tena. Amechimba miaka mingi na hawezi kuniambia kila aliyeficha aliamini nini. Anachoweza kuona ni kwamba mtu aliinama akafanya kazi hiyo kwa uangalifu. Akasema nirudi kazini Jumatatu, na kwa wakubwa akaeleza kuwa shanga ni mali yangu ya familia.

Basi hapo nikawa nimesafishwa, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika kweli. Kwanza nilikasirika. Nilikumbuka Guku alivyokufa akiamini shanga zake ni majivu. Ulikuwa nazo wapi miaka yote hiyo? Ndani ya droo ya cherehani, chini ya zipu na vifungo? Ulimwona mama yako akipapasa shingo yake tupu na ukanyamaza? Halafu hasira ikaisha, nikamkumbuka yule binti wa jirani aliyerudishwa kutoka Ghuba ndani ya sanduku, majuma machache kabla ya safari yangu. Ni wewe uliyeomba kaburini. Nakumbuka uliporudi hukula, uliingia moja kwa moja kwenye cherehani, ukakata kitambaa cha koti langu. Ukanipima kifua mara mbili, wewe usiyehitaji futi.

Uliogopa, Baba. Ulikuwa umenibariki mbele ya kanisa zima, na bado uliogopa. Sijui kama nikushukuru au nikulaumu. Sijui kama Mungu alinilinda, au zile shanga, au ni koti tu limenikinga na baridi. Nilikuwa na dini iliyonyooka, niliyoipokea kutoka kwako, na sasa ukiniuliza naamini nini juu ya hili nitakuangalia tu. Shanga ziko kabatini mwangu ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari aliniuliza kama anitungie, nikamwambia sijui zilikuwa zimefuatana vipi. Carolyne anataka nizitupe baharini pale Corniche, Hadijah anasema nizirudishe kwenye koti. Mimi nikifungua kabati nazitazama, nafunga tena.

Lakini kuna jambo moja ambalo sina mashaka nalo, nalo ni Mama. Sikuandikii kukuhukumu, mtoto hamhukumu baba yake. Najua unachoweza kupoteza. Umekuwa mzee wa kanisa tangu mimi sijazaliwa, na kuna watu watakaofurahi kukuona umeketi nyuma. Lakini Mama amepoteza cheo chake na hakushona hata mshono mmoja. Sijamwambia mtu, si Henry, si Carolyne. Wakijua, watajua kutoka kwako. Nakuomba usimame mahali pale pale alipovuliwa kitambaa, useme shanga ni zako.

Na kuna hili la mwisho, ambalo nilitaka kulificha nikaona siwezi. Nilimpigia Mama kumwomba msamaha. Nikaanza kusema, Mama, najua si wewe. Kabla sijafika mbali nikasikia anaichukua simu mezani, anaizima ile sauti kubwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, na anatoka nayo nje. Akaniambia, acha jambo hilo lilale, Baba yako ana presha. Baba, mimi sikuwa nimekutaja. Sikuwa nimesema neno lolote juu yako. Anajua. Sijui amejua tangu lini, labda tangu siku ya majivu, lakini anajua, na amekubali kuitwa mchawi ili wewe uendelee kukaa kiti cha mbele. Na wewe unakula chakula chake kila jioni ukidhani ni siri yako.

Nimechoka kuandika, na Eugene amekwisha kupiga honi mara mbili. Nisalimie Henry na mke wake, na yule mtoto mchanga ambaye bado sijamshika. Msalimie mchungaji, na mafundi wenzako wa sokoni, na majirani wote, hata waliolicheka koti. Waambie linanitosha vizuri. Carolyne na Hadijah wanakusalimu sana ingawa hawakujui.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho, na nakuomba usimfikishie bado. Mwambie kwanza lako. Ukimaliza, na akikujibu, ndipo umwambie kwamba Edith anamsalimia.

Mimi binti yako,
Edith Kageha